Kusafiri kwa ndege na vijana 24 pamoja na ala zao, Mwanza hadi Würzburg

Mlezi wa Nyegezi

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Ninalea kikundi cha vijana wanaopiga muziki wa ala hapa Nyegezi, na Julai ijayo tumealikwa Würzburg, Ujerumani, mji wenye undugu na Mwanza tangu mwaka 1966. Vijana ni 24, wenye umri wa miaka 11 hadi 17, na walezi tuko wanne. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda ndege. Safari ndefu kuliko zote waliyosafiri pamoja ni ya meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Tutapitia Dar es Salaam, kisha Addis Ababa, na kutoka hapo tutakuwa angani usiku kucha, muda wa saa saba hivi, hadi Frankfurt.

Kinachoninyima usingizi ni ala. Tuna fidla 12, selo mbili (zile fidla kubwa zinazopigwa mtu akiwa ameketi), klarineti tatu, tarumbeta tano na ngoma mbili. Selo moja ilinunuliwa kwa michango ya wazazi, wengi wao wauza dagaa, na mfuko wake ni wa kitambaa tu. Naomba mwenye uzoefu anieleze kipi tuingie nacho ndani ya ndege, kipi kiende kwenye mizigo, na watoto niwaandae namna gani.

Fundi wa Mkolani

Mwalimu, hongera kwa mwaliko. Mimi hutengeneza ala za nyuzi, kwa hiyo nitabaki kwenye mbao.

Watu huogopa kutupwatupwa kwa mizigo, na ni kweli, lakini adui mwingine ni ukavu. Fidla iliyokaa Mwanza imezoea unyevu wa ziwa, ilhali ndani ya ndege inayoruka mbali unyevu wa hewa mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20. Ubao ukikauka hunywea. Vile vigingi vinavyokaza nyuzi hulegea katika matundu yake, na mtoto akifungua sanduku anakuta nyuzi zimelala. Hata hivyo, tafadhali usizilegeze nyuzi zote kabisa kabla ya safari. Ndani ya fidla kuna kijiti kilichosimama kati ya uso na mgongo bila gundi yoyote, kikishikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake, na mkazo huo ukiisha kinaanguka. Kukisimamisha tena kupitia tundu jembamba la usoni ni kazi ya fundi mwenye chuma maalumu, nawe utakuwa ugenini na tamasha ni kesho yake. Shusha kila uzi kwa nusu toni, au toni moja ikizidi sana, legeza nywele za uta, yaani ule ufito wa kupigia, kisha tandika kitambaa laini chini ya nyuzi pande zote mbili za daraja, kile kijibao kinachoziinua.

Fidla zote ziingie ndani. Sanduku la fidla ya mtu mzima lina urefu wa sentimita 80 hivi, ilhali mashirika mengi huweka kikomo cha sentimita 55 kwa mzigo wa mkononi, kwa hiyo pata ruhusa ya maandishi kwa kila ndege mtakayopanda na uichapishe. Neno la mdomo la wakala wa tiketi halitakusaidia mlangoni.

Selo katika mfuko wa kitambaa isiende kwenye mizigo hata kidogo. Ama ikatiwe kiti chake, ama ipate sanduku gumu lililojazwa nguo kuzunguka shingo ili isicheze. Kabla ya gharama zote hizo, waulize wenyeji kama wanaweza kuwaazima selo mbili huko huko. Ningekuwa wewe, ningeanza na swali hilo.

Klarineti kama ni za mpingo, msihofu. Mpingo umo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, lakini tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa kwa mti huo zinavuka mipaka bila kibali chake. Chunguza ngoma: iliyowambwa ngozi ya kenge ibaki nyumbani, kwa sababu kenge naye analindwa na mkataba huo. Ya ngozi ya ng'ombe au mbuzi nayo iulizieni masharti ya forodha mapema.

Nesi wa Bukoba

Shikamoo Mwalimu. Kwa upande wa watoto, masikio ndiyo yatakayowaumiza, hasa ndege inaposhuka. Wafundishe kumeza mate na kupiga miayo, na wote wawe macho wakati huo. Mwenye mafua makali aonwe na daktari kabla. Wanywe maji mara kwa mara na wainuke kutembea. Wapiga tarumbeta wabebe mafuta ya midomo, kwani mdomo uliopasuka haupigi. Mafuta ya vali, vile vibonyezo vya tarumbeta, yawe katika chupa isiyozidi mililita 100. Uchovu wa kubadilisha saa hautawasumbua sana: mwezi Julai Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja tu. Chanjo ya homa ya manjano wachomwe mapema, maana cheti huanza kutumika siku ya 10 baada ya sindano.

Mzazi wa Ilemela

Mwalimu, pole na maandalizi. Niliwahi kusindikiza vijana wa kwaya nje ya nchi, na tromboni yetu ilirudi ikiwa imepinda. Kwa uchovu hatukufungua sanduku uwanjani, tukaliandikia shirika siku ya kumi, tukajibiwa kuwa tumechelewa. Walikuwa sahihi: Mkataba wa Montreal, unaohusu safari za ndege za kimataifa, unatoa siku saba za kulalamika tangu kupokea mzigo ulioharibika. Bado inaniuma, kwa sababu kijana yule alikaa miezi mingi bila ala. Fungueni kila sanduku pale pale mizigo inapotolewa, na pigeni picha kabla ya kuondoka.

Jambo la pili ni viza. Kila mwenye miaka 12 na kuendelea lazima afike mwenyewe kutoa alama za vidole, kwa hiyo wekeni bajeti ya safari ya Dar es Salaam. Kila mtoto awe na barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ulizeni pia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kuhusu kibali cha kwenda kuonyesha sanaa nje.

Mlezi wa Nyegezi

Nawashukuru sana. Nimewaandikia wenyeji leo asubuhi kuhusu selo. Binti anayepiga ile ya michango nimemweleza kwamba huenda ikabaki. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ataruhusiwa kubeba uta wake mwenyewe. Nimemwambia ndiyo. Ngoma moja kweli ni ya kenge, nami sikujua mpaka nilipomuuliza aliyeiwamba. Fundi, Jumamosi tunaweza kukuletea fidla zote 12 utazame vigingi?

Fundi wa Mkolani

Zileteni saa tatu asubuhi, na kila mtoto aje na ya kwake, ili ajifunze kushusha nyuzi kwa mkono wake.