Spesa za magurudumu: za kuvalisha, zenye stadi zake, au kutafuta rimu za ofseti nyingine?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu spesa, yaani pete zinazowekwa nyuma ya rimu ili gurudumu litoke nje zaidi, kabla sijanunua chochote. Nina Toyota yenye stadi tano (vyuma vyenye hesi vinavyofungwa nati za gurudumu) kwa kila gurudumu, zilizopangwa kwenye mduara wa milimita 114.3, hesi zake ni M12 kwa 1.5 (unene wa milimita 12, na hatua ya milimita 1.5 kati ya hesi moja na nyingine), na tundu la katikati la rimu zake za asili lina milimita 60.1. Nimepata rimu za inchi 17 zenye ofseti ya 45 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye gari; ikipungua, gurudumu linatoka nje) na tundu la katikati la kipimo hichohicho, lakini mbele spoku zake zinagusa kalipa ya breki (kile kifaa kinachobana diski), na kwa makadirio yangu milimita tatu tu zingetosha kuziachanisha. Nyuma hakuna kinachogusa, ila magurudumu yamezama sana chini ya bodi na ningependa yatoke nje kidogo.

Nimefikiria njia mbili. Ya kwanza ni kuweka spesa nyembamba za kuvalisha za milimita 5 mbele, ambazo stadi za asili hupenya tu, na nyuma spesa nene za milimita 25 zenye stadi zake, ambazo hufungwa kwenye stadi za asili na kisha rimu hufungwa kwenye stadi za spesa. Ya pili ni kuziuza rimu hizi na kutafuta nyingine zenye ofseti ndogo zaidi. Ipi ni salama kwa gari la safari za kila siku, ambalo mara nyingi hubeba familia nzima?

Mchangiaji wa 1

Ndugu, mimi ningeanza na njia ya pili, kwa sababu rimu iliyochongwa kwa ofseti inayofaa haikuongezei kiungo kingine kati ya haba (kitovu kinachobeba gurudumu) na gurudumu. Hata hivyo, usidanganywe na namba ya ofseti peke yake. Nafasi ya kalipa inategemea zaidi umbo la spoku, kwa hiyo rimu ya ofseti 35 yenye spoku zilizonyooka inaweza kugusa pale ambapo rimu ya ofseti 45 yenye spoku zilizopinda kwa nje inapita bila tatizo. Ijaribishe kwanza kwenye gari, ikiwa imefungwa nati zote, kisha izungushe kwa mkono mzunguko mzima.

Kuhusu spesa, hesabu yake ni nyepesi: unatoa unene wa spesa kwenye ofseti. Spesa ya milimita 25 juu ya ofseti ya 45 inakupa ofseti ya 20, na upana kati ya magurudumu mawili ya nyuma unaongezeka milimita 50. Hicho si kiasi kidogo.

Mchangiaji wa 2

Watu wengi huzionea spesa kwa kusema kwamba zinaua beringi. Ni kweli kwamba gurudumu likisogea nje, uzito unaikandamiza beringi kwa wenzo mrefu zaidi, na kwa magurudumu ya mbele usukani nao huanza kuvutwa unapofunga breki kwenye barabara yenye mashimo. Lakini beringi haijui kama gurudumu limesogezwa na spesa au na rimu. Ofseti ya 45 pamoja na spesa ya milimita 15 ni sawasawa na rimu ya ofseti 30 yenye upana uleule. Anayeogopa beringi aogope kiasi cha kusogea, wala si kile kipande cha aluminiamu.

Palipo na hatari ya spesa yenyewe ni mahali pengine, nako ni kwenye urefu wa hesi. Ndugu mwanzisha mada, tafadhali funga rimu yako bila spesa na uhesabu nati inazunguka mara ngapi kamili kuanzia inaposhika hesi hadi inapokaza. Kanuni wanayoifuata mafundi waangalifu ni kwamba hesi zilizoshikana zisipungue unene wa stadi, yaani milimita 12 kwa stadi ya M12. Kwa hatua ya 1.5 hiyo ni mizunguko minane. Kila milimita ya spesa ya kuvalisha inakula milimita moja ya hesi hizo.

Mwanzisha mada

Nimehesabu na nimepata mizunguko tisa.

Mchangiaji wa 2

Basi una milimita 13.5. Ukiweka spesa ya milimita 5 unabaki na 8.5, ambayo haifikii hata mizunguko sita. Usiifunge spesa hiyo kwa stadi zilizopo, hata kama muuzaji atakuambia kwamba milimita 5 ni kitu kidogo. Utahitaji stadi ndefu zaidi.

Mchangiaji wa 3

Naunga mkono, na ninaongeza jambo ambalo mimi mwenyewe nililipuuza likanigharimu. Niliwahi kufunga spesa za milimita 15 ambazo tundu lake la katikati lilikuwa pana kuliko shingo ya haba (mduara unaochomoza katikati yake na kuingia kwenye tundu la rimu), kwa hiyo zilikaa kwa kutegemea stadi tu. Nilipofika mwendo wa kasi usukani ulitetemeka, nikafanya balansi ya matairi mara mbili, nikabadilisha tairi moja lisilokuwa na kosa lolote, na mtetemo ukabaki palepale. Uliisha siku nilipoweka spesa zenye tundu la kipimo cha haba yangu na shingo yake yenyewe upande wa nje inayoipokea rimu.

Mchangiaji wa 4

Kwa heshima, ndugu, nati za koni, zenye uso wa mshazari unaoingia kwenye tundu la rimu, huiweka rimu katikati zenyewe. Ukikaza kwa mpangilio wa nyota gurudumu likiwa hewani, haba haihitaji kusaidia.

Mchangiaji wa 3

Kwa rimu peke yake ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Lakini spesa ya kuvalisha haina koni inayoikamata. Imebanwa tu kati ya diski na rimu, na isiposhikwa na shingo ya haba inaweza kukaa pembeni kidogo, nawe usijue. Kwa sababu hiyo mimi sikubali spesa isiyokaa vyema kwenye haba, iwe nyembamba au nene.

Hapo ndipo spesa ya milimita 5 ina ugumu wake. Ni nyembamba mno kuchongewa shingo yake yenyewe, kwa hiyo rimu inategemea kile kinachobaki cha shingo ya haba. Pima shingo inachomoza kiasi gani kutoka usoni mwa diski. Ikiwa ni milimita 6, itabaki moja, na ukingo wa tundu la rimu uliokatwa mshazari utaimeza hiyo moja.

Mchangiaji wa 5

Kuhusu zile za milimita 25 zenye stadi zake, kuna mtego mwingine. Stadi za asili zikichomoza kupita unene wa spesa, ncha zake zitaigonga rimu, na rimu haitakaa bapa hata ukikaza kwa nguvu zote. Kama stadi zako zina milimita 28 kutoka usoni mwa diski, milimita tatu zitabaki nje, na itabidi rimu iwe na vishimo kati ya tundu za nati ili zijifiche humo.

Chagua spesa za aluminiamu iliyofuliwa au kuchongwa, kwa mfano ya daraja la 6061-T6, wala usinunue za kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu. Uangalie pia aina ya nati, kwa sababu koni ya nyuzi 60, kikao cha duara kama mpira, na kikao bapa chenye washa havibadilishani. Mwisho, angalia bima na sheria za nchi yako. Nchini Ujerumani, kwa mfano, spesa zinahitaji hati ya kuzikubali kwa gari husika, na bila hati hiyo unaendesha gari lisiloruhusiwa barabarani.

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, narudi na matokeo baada ya wiki mbili.

Nyuma nimeamua kuacha kama lilivyo. Nilipakia watu wanne na mizigo, nikashusha uzi wenye nati kutoka ukingo wa madigadi, na nafasi hadi kwenye tairi ilikuwa milimita 14. Spesa ya 25 ingekata tairi siku ya kwanza ya safari.

Mbele, shingo ya haba inachomoza milimita 10, kwa hiyo ninabaki na tano za kuishika rimu. Nimeweka spesa za milimita 5 pamoja na stadi zilizo ndefu zaidi kwa milimita 10, baada ya kuhakikisha kwamba kipenyo cha sehemu yenye meno, inayobanwa ndani ya haba, ni kilekile. Gari lilipandishwa kwa jeki na kukalishwa kwenye stendi, diski ikatolewa, stadi za zamani zikasukumwa nje, na mpya zikavutwa hadi mwisho kwa nati na washa, bila mashine ya upepo. Kisha nilisugua kutu kwenye uso wa haba na diski kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, kwani uchafu kidogo tu unaipindisha spesa. Hesi niliziacha kavu, maana mafuta yanafanya nati ikaze kupita kipimo. Nilipaka grisi nyembamba kwenye shingo ya haba pekee, ili aluminiamu isije ikagandana na chuma.

Sasa nati inazunguka mara kumi na mbili, na tundu zake zimepitiliza hivyo ncha ya stadi haizuiwi. Nilikaza kwa spana ya toku (inayopima nguvu ya kukaza) hadi nyutonimita 103 kama kitabu cha gari langu kinavyoelekeza. Baada ya kilomita 80 nilikagua tena, na nati mbili za gurudumu la kulia zilisogea kidogo kabla ya spana kutoa mlio wa kufikia kipimo. Nilizikagua mara ya tatu baada ya kilomita 300, na hakuna iliyosogea.

Mchangiaji wa 2

Gurudumu la kulia lifungue, ndugu. Nati mbili kusogea upande mmoja mara nyingi ni kutu iliyobaki nyuma ya spesa.

Mwanzisha mada

Nimelifungua leo asubuhi. Palikuwa na ukoko wa kutu upana wa ukucha karibu na stadi mojawapo. Nimeusugua, nimekaza upya, na nitakagua tena baada ya kilomita 80.