Kununua AR-15 ya kujikoki Ujerumani na kuibadilisha iwe ya kukoki kwa mkono: Uingereza inakubalika?

MlengaLeicester
Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua sheria ya bunduki ya huku Uingereza pamoja na ufundi wake. Nina cheti cha silaha, na kuna nafasi ya bunduki moja ya .223 (kipimo cha risasi) ya kulenga shabaha ambayo bado haijajazwa. Ujerumani kuna AR-15 iliyotumika, ya kujikoki (gesi ya risasi inapakia risasi inayofuata yenyewe), bei nzuri. Nafikiria fundi wa huko aondoe bomba la gesi na azibe tundu la gesi kwenye mtutu, ili kila risasi niikoki kwa mkono, ndipo iingie Uingereza. Je, kisheria inapita? Na kiufundi itafanya kazi sawasawa au nitajuta?

Kifungu_cha_5
Usiinunue, mkuu. Hilo la kwanza.

Baada ya mauaji ya Hungerford ya Agosti 1987, Bunge lilipitisha sheria ya 1988 iliyopiga marufuku bunduki zote za mtutu wenye mifuo (mistari ya kuzunguka ndani yake) zinazojikoki, pamoja na zile za kukoki kwa kusukuma kishikio cha mbele, isipokuwa zinazotumia risasi ndogo ya .22 yenye fataki (kiwashio cha baruti) ukingoni. Wengi wanaishia hapo wakidhani kwamba ukiua mfumo wa gesi umetoka kwenye marufuku. Kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kimeufunga mlango huo: silaha ambayo wakati wowote ilikuwa ya aina iliyokatazwa itaendelea kuhesabiwa kuwa imekatazwa, hata ukiifanyia kazi gani ya kuigeuza. Unaweza kuchomelea tundu la gesi, kubadilisha mtutu, kutoa kila kitu, lakini historia ya bunduki haifutiki.

Ndiyo maana AR unazoziona kwenye viwanja vya huku hazikubadilishwa. Zimeundwa tangu mwanzo zikiwa za kukoki kwa mkono, na mtutu wake haukuwahi kutobolewa tundu la gesi. Hizo unazishika kwa cheti cha kawaida.

Adhabu nayo si ya mchezo. Kumiliki bunduki ya kujikoki iliyokatazwa kunaweza kukupa hadi miaka 10, na kwa mtu mzima kiwango cha chini ni miaka 5, labda mahakama ione mazingira ya kipekee. Na usidhani utapona kwa kuileta vipande. Mtutu, boliti (kifungio cha nyuma ya mtutu) na bodi (mwili unaobeba mitambo) vinahesabiwa kama silaha kimoja kimoja.

FundiMtutu
Sheria imeshaelezwa vizuri. Mimi nijibu la ufundi, maana hata ukinunua iliyoundwa hukuhuku matatizo haya utayakuta.

Boliti ya AR inazunguka nyuzi 22.5 tu kufungua meno yake, na wakati inazunguka hairudi nyuma hata kidogo. Kwenye bunduki ya boliti ya kawaida, mfano Mauser, ukiinua mkono wa boliti kuna mteremko unaolibandua ganda kidogo kutoka kwenye chemba (sehemu ya mtutu risasi inapokaa) kabla hujavuta. AR haina mteremko huo kwa sababu haikuuhitaji: gesi inairusha boliti nyuma kwa nguvu, na mgandamizo uliobaki ndani ya mtutu unalisukuma ganda lenyewe. Ukikoki kwa mkono mgandamizo umekwisha, na ganda lililobana linategemea msuli wako peke yake. Ndoano ya kuvutia ganda inashika sehemu ndogo tu ya ukingo, kwa hiyo ganda likigoma, ndoano inachomoka au inachana ukingo, na ganda linabaki chembani.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye risasi na chemba. Kama unajaza risasi mwenyewe:

– Lirudishe ganda zima kwenye kipimo, usiishie shingoni. Bega la ganda (pale linapoanza kusinyaa kuelekea shingoni) lirudi nyuma milimita 0.05 hadi 0.08 kulinganisha na ganda lililofyatuliwa kwenye chemba yako. Pima kwa kipimo cha bega, usikisie.
– Urefu wa ganda la .223 usizidi milimita 44.70. Likifika hapo likate lirudi 44.45.
– Usikimbilie kiwango cha juu cha baruti. Shaba ikitanuka kupita uwezo wake wa kujirudi, inabana chembani. Ukiona kukoki kumeanza kuwa kugumu, shusha baruti hapohapo. Kuongeza nguvu ya mkono si dawa.
– Risasi zisiachwe juani wala kwenye chemba iliyochemka. Joto linapandisha mgandamizo.

Chemba isuguliwe kwa brashi yake maalumu (ya mtutu haifiki kwenye kuta za chemba), kisha ifutwe ikauke. Mafuta yakibaki chembani, ganda halishiki kuta zake vizuri na linaipiga boliti kwa nguvu zaidi. Springi ya ndoano nayo iwe nzito, maana ndiyo inayoamua kama ukingo utashikwa au utaachiwa.

Kishikio cha kukoki lazima kiwe cha pembeni, kimefungwa kwenye kibeba-boliti chenyewe (kipande kinachoisogeza boliti mbele na nyuma). Kile cha asili cha nyuma kilikusudiwa kupakia risasi ya kwanza na kuondoa iliyokwama, si kuvutwa kila risasi. Kagua skrubu ya kishikio kila unaposafisha, kwani huwa inalegea.

MlengaLeicester
Asante sana, naiacha ya Ujerumani. Niliwahi kusikia kuna zile za kubonyeza kitufe boliti ikarudi yenyewe mbele. Hizo bado zipo? Na nikipata iliyoundwa huku, nivute vipi? Nilijaribu moja kiwanjani, mara mbili pini ikagonga fataki na risasi haikulipuka.

Kifungu_cha_5
Hizo zimekwisha. Gesi ilikuwa inatoa ganda na boliti inabaki nyuma, kisha unabonyeza ndipo inarudi. Sheria ya 2019 ya silaha za hatari ilikataza bunduki yoyote ya mtutu wenye mifuo inayotoa ganda kwa nguvu ya gesi, au kwa springi iliyobanwa na gesi, ila .22 ya fataki ukingoni. Ukiuziwa, kimbia.

FundiMtutu
Kuhusu fataki kugongwa kidogo: karibu kila mara ni kwa sababu uliisindikiza boliti kwa mkono. Isipozunguka hadi mwisho, nyundo inatumia nguvu yake kukisukuma kibeba-boliti mbele badala ya kuipiga pini, na alama kwenye fataki inakuwa nyepesi. Vuta kishikio hadi kibeba-boliti kigonge nyuma kabisa, kisha achia, springi ifanye kazi yake. Ukivuta nusu, ganda linatoka lakini risasi inayofuata haichukuliwi, au ganda linabanwa kwenye dirisha la kutolea maganda. Wanaoweka springi laini ili mkono upumzike wanajiletea tatizo hilohilo la kutofunga.

Risasi isipolipuka, weka mtutu kwenye shabaha na usubiri sekunde 30 kabla ya kufungua.

Ganda likikwama, toa magazini kwanza, kisha uhakikishe kwamba risasi ile ilifyatuka kweli. Kama una uhakika, fungua bodi, toa boliti, pitisha ufito kutoka mdomoni mwa mtutu na uligonge ganda taratibu litoke. Kama huna uhakika, ufito usiingie kabisa. Mwite msimamizi wa uwanja, na bunduki ibaki imeelekea kwenye shabaha mpaka fundi afike.