Chipsi sili, mafuta ya ini yanatoka wapi?

MtotoWaNgamiani: Wakuu, nimepimwa hapa Tanga naambiwa ini lina mafuta. Vya kukaanga niliacha zamani! Asubuhi mkate wa kumimina na chai ya vijiko vinne, mchana soda. Basi.

FundiMaabara: Kaka, yanapikwa humo humo. Sukari ikizidi, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hupanda na kukiamsha kimeng'enya kiitwacho asetili-KoA kaboksilesi. Hicho hutengeneza malonili-KoA, malighafi ya mafuta mapya. Sasa sikia utamu wake: malonili-KoA hiyo hiyo humzuia CPT1, bawabu anayepitisha mafuta kuingia mitokondria, yale majiko madogo ya ndani ya seli, yakachomwe. Kwa hiyo ini likiwa linapika, kuchoma kunasimama. (Mimi mwenyewe nilirudia darasa hili mara mbili.)

BiMwanaRaskazone: Na mtu akifunga?

FundiMaabara: Insulini hushuka, kimeng'enya kingine, AMPK, hukizima kile cha kwanza, bawabu anafungua. Ila futari ikiwa tambi za sukari na juisi, dada yangu, tumerudi pale pale.

MtotoWaNgamiani: Kumbe mchawi ni mkate wa kumimina! Bibi anauza huo, nitamwambiaje?