Mjadala: Je, ilikuwa sahihi kupoteza askari 11 kwa ajili ya kumwokoa mmoja?

Kibwana wa Pangani: Wakuu, tarehe 2 Aprili 1972 ndege ya Marekani aina ya EB-66 ilitunguliwa kwa kombora karibu na Cam Lo, Vietnam Kusini, na kati ya watu sita waliokuwemo alinusurika Luteni Kanali Iceal Hambleton peke yake. Katika kumtafuta walikufa wanajeshi 11, wakiwemo wote sita wa helikopta ya uokoaji Jolly Green 67, iliyoangushwa tarehe 6. Msimamo wangu ni kwamba helikopta zilipaswa kuzuiwa mapema, kwa sababu bonde lile lilikuwa limejaa mizinga ya kutungulia ndege. Wala siamini kwamba koplo angepiganiwa kiasi hicho.

Mama Tunu: Ndugu Kibwana, hilo la koplo umewakosea marehemu. William Pitsenbarger, mwokoaji wa Jeshi la Anga la Marekani katika vita hivyohivyo, alikuwa askari wa cheo cha chini, na tarehe 11 Aprili 1966 aliteremshwa kwa waya katikati ya mapigano kuwahudumia askari wa miguu wasiomjua hata kwa jina. Alikataa kupanda helikopta iliyokuwa inaondoka, akabaki na majeruhi hadi akauawa. Mimi ni mke wa askari mstaafu, na sijawahi kusikia nyumbani kwangu mwokoaji akiuliza cheo cha anayemfuata.

Kibwana wa Pangani: Dada yangu, sijamgusa mwokoaji hata mmoja. Ninayemlaumu ni mtoa amri. Hambleton alikuwa na miaka 53 na alizifahamu siri za makombora. Ni vigumu kuamini kwamba hilo halikupimwa.

Mama Tunu: Mbona humtaji Luteni Mark Clark? Ndege yake ilidunguliwa tarehe 3, akiwa katika msako huohuo, naye alitolewa kabla ya huyo luteni kanali wako.

Mwalimu Chande: Mnabishania vyeo vya Wamarekani huku wenye nchi mkiwasahau. Kumzunguka Hambleton liliwekwa eneo la nusu kipenyo cha kilomita 27 ambamo mizinga ya Wamarekani na ya Vietnam Kusini ilizuiwa kupiga, wakati Divisheni ya 3 ya Vietnam Kusini ikikabili mashambulizi makubwa ya Kaskazini. Vifo vyao havimo katika hiyo 11. Na aliyemtoa Hambleton hakuja kwa helikopta: komando wa Jeshi la Majini la Marekani, Tom Norris, na mwanamaji wa Vietnam Kusini, Nguyen Van Kiet, walivaa kama wavuvi, wakapiga makasia usiku kwa mtumbwi kupita katikati ya askari wa adui. Hambleton mwenyewe aliongozwa kwa redio hadi mtoni kwa kutajiwa viwanja vya gofu alivyovizoea, ili adui anayesikiliza asielewe njia.

Kibwana wa Pangani: Mwalimu, huo mtumbwi ndio hoja yangu! Ungetangulia, wale sita wa helikopta wasingezikwa Arlington, makaburi ya wanajeshi wa Marekani, mwaka 1997, miaka 25 baadaye.

Mama Tunu: Ungetangulia vipi, na siku zile za mwanzo kila aliyekuwa juu aliamini kwamba helikopta ingefika? Unawahukumu kwa habari uliyoipata wewe, wao hawakuwa nayo.

Mwalimu Chande: Kuhusu ile Divisheni ya 3 bado hakuna aliyenijibu.