Naomba ushauri: kuchanganya mbinu za mazungumzo kwenye mkutano mmoja

Mleta Hoja
Wakuu, habari zenu. Nimepewa jukumu la kuandaa mkutano wa siku mbili wa watu wapatao 80: viongozi, wafanyakazi wa ngazi zote na baadhi ya watu tunaowahudumia. Mradi umemaliza awamu ya kwanza. Tunatakiwa tujifunze kilichotokea, kisha tukubaliane nini kibadilike.

Mikutano yetu mnaijua: meza kuu, mada juu ya mada, "maswali mawili matatu kwa sababu ya muda", picha ya pamoja, kwaheri. Safari hii nataka watu wazungumze wenyewe. Nimesoma kuhusu World Café, Open Space, Appreciative Inquiry, duara la mazungumzo na duara ndani ya duara. Zote zimenivutia. Je, naweza kuzichanganya, na nianze na ipi? Nawasilisha.

Kibao Kata
Mbinu tano siku mbili? Mkuu, hayo ni maonyesho ya mbinu. Chagua mbili.

Mwezeshaji Mkongwe
Kibao Kata ana hoja, ila swali la "ngapi" lisikusumbue sana. Jiulize kila mbinu inafanya kazi gani.

World Café, iliyoanzishwa na Juanita Brown na David Isaacs huko Marekani mwaka 1995, kazi yake ni kusambaza mawazo. Meza za watu wanne watano, raundi tatu hivi za dakika 20 kila moja. Raundi ikiisha, mwenyeji wa meza anabaki kuwasimulia wageni yaliyosemwa na wengine wanatawanyika. Wazo la mtu mmoja linazunguka ukumbi mzima bila yeye kushika maikrofoni. Lakini usiitegemee ikufikishe kwenye uamuzi, utaishia na karatasi zenye michoro mizuri tu.

Open Space ya Harrison Owen (1985) ni kitu kingine. Hakuna ratiba ya mada. Mwenye jambo linalomkera anasimama, analiandika, analibandika ukutani pamoja na saa na mahali, na yeye ndiye anayeliitisha. Ukiona hapo ulipo hujifunzi wala huchangii, unainuka unakwenda kundi jingine. Nguvu yake ni kwamba mtu anabeba jambo lake mwenyewe. Kwa hiyo iweke siku ya pili, watu wakiwa wameshajua lipi lina uzito.

Sasa sikiliza, maana wengi huharibia hapa. Swali la kufungulia Open Space lazima litoke kwenye yale ya siku ya kwanza. Ukija asubuhi na swali uliloliandika ofisini wiki iliyopita, watu wataelewa papo hapo kwamba jana walikuwa mapambo tu. Jioni ile kaa na watu wachache, wakiwemo washiriki wa kawaida, msome karatasi za meza zote na mlitunge swali la kesho. Watu wataondoka ukumbini, nyinyi mtabaki. Ipangie saa zake kabisa.

Appreciative Inquiry, yaani kuanzia na yaliyofanikiwa, usiifanye kipindi cha peke yake. Chukua namna yake ya kuuliza, ambayo David Cooperrider na Suresh Srivastva waliiandikia makala mwaka 1987. Badala ya "matatizo yetu ni yapi?", wawili wawili waulizane: "Ni wakati gani kazi hii ilikwenda vizuri ukiwemo, na nini kiliwezesha?" Anza na hilo kabla ya meza.

Sauti ya Chini
Mkongwe, hapo mwisho nakupinga. Watu wenye dukuduku la muda mrefu ukiwafungulia na mazuri, watasema umetumwa na uongozi. Mimi ningeanza na duara ndani ya duara. Wanaohudumiwa wakae katikati wazungumze, viongozi duara la nje, kimya. Kiti kimoja cha ndani kiwe wazi, mwenye neno anakikalia kisha anakiachia. Bosi akisikiliza nusu saa bila kujitetea, meza za baadaye zinabadilika kabisa.

Mwezeshaji Mkongwe
Kama kuna majeraha, nakubali, tangulia na hilo. Ila swali la mazuri usilitupe, lipeleke raundi ya kwanza ya meza.

Bi Mkweli
Hakuna aliyeuliza la msingi: uongozi umekubali nini kibadilike? Yaliyokwisha kuamuliwa yatajwe mlango unapofunguliwa. Kuwaita watu wajadili jambo lililofungwa ni dharau, hata ukiwa na mbinu kumi.

Mleta Hoja
Asanteni sana. Bi Mkweli, nimeuliza leo: bajeti imefungwa, mpangilio wa kazi uko wazi. Nitayasema yote mawili mwanzoni. Nimebaki na mawili. Duara la watu wote 80 la kufungia linawezekana? Na wale wasioandika kwa urahisi?

Sauti ya Chini
Dakika moja kila mtu ni dakika 80, watalala. Gawa maduara ya watu wanane, kila moja na kifimbo chake. Anayekishika ndiye anayesema, wengine wanasikiliza. Kuhusu kuandika, kila meza iwe na mwandishi wa kujitolea anayesoma kwa sauti alichoandika, msemaji akubali au amsahihishe.

Bi Mkweli
Na kila kundi la Open Space liandike jina la mwenye jambo, hatua ya kwanza na tarehe ya kukutana tena. Kundi lisilo na jina la mtu, usilihesabu.

Kibao Kata
Ukumbi umeuona? Viti vinasogezeka?

Mleta Hoja
Duh. Vimefungwa sakafuni. Kesho asubuhi natafuta mwingine.