Mjadala: Somo binafsi la muziki likikosekana shuleni, hasara abebe nani?

Mratibu
Wakuu, rasimu ya utaratibu wa masomo binafsi ya muziki iko mezani na vipengele viwili vina ubishi. Cha kwanza: mwanafunzi asipofika bila taarifa ya saa 24, somo linahesabiwa limefundishwa, halifidiwi. Mwalimu asipofika, analifidia, au ada ya somo hilo inahamia muhula unaofuata. Cha pili: masomo ya dakika 30 yafanyike ndani ya saa za vipindi kwa ratiba ya mzunguko (saa ya somo inabadilika kila wiki), badala ya kuyabana yote mchana baada ya vipindi. Ada ni ya masomo 10, inalipwa kabla muhula haujaanza. Mnasemaje?

Mzazi Mlipaji
Cha kwanza ni unyonyaji. Mtoto akiamka na homa saa 12 asubuhi, hiyo taarifa ya saa 24 itatolewa na nani? Homa haipigi hodi. Unalipia kumi, unapata saba, na mwalimu nusu saa yote anachezea simu.

Nyuzi Nne
Hapo kwenye simu umetukosea heshima, mkuu. Piga hesabu. Kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11 jioni ni saa tatu, masomo sita. Mwalimu mwenye wanafunzi 18 ameshajaza siku tatu. Kila mmoja akikosa mara moja tu kwa muhula, anadaiwa saa tisa, yaani siku tatu nyingine nzima bila malipo. Azitoe wapi? Nusu saa ikishapita, hawezi kumuuzia mtu mwingine. Mzazi analipia nafasi kwenye ratiba, kama kiti cha basi: basi likiondoka, limeondoka.

Mzazi Mlipaji
Nimeuliza habari ya homa, umenijibu habari ya basi.

Mama Kwaya
Homa ina dawa yake, ni wiki ya akiba. Muhula wa wiki 12: masomo 10 yanapangwa wiki ya 1 hadi ya 10, na wiki ya 11 haipangiwi kitu. Mgonjwa aliyetoa taarifa kabla ya saa 2 asubuhi anaandikwa kwenye orodha, nafasi moja kwa kila mwanafunzi, haihamishwi wala hairudishwi fedha. Aliyesahau fidla nyumbani haandikwi. Aliyekwenda kwenye mechi haandikwi. Kwa utaratibu huo mwalimu haelemewi na mgonjwa haonewi.

Ila tuambiane ukweli: wengi wanaokosa hawaumwi, wanakwepa kwa sababu hawajafanya mazoezi. Nyumbani kuna kibodi ya kuchezea watoto, shuleni wanategemewa wapige piano. Rasimu iseme wazi: asiye na piano nyumbani asiandikishwe.

Pedali
Hiyo sentensi ya mwisho siiachi ipite. Kwa hiyo muziki ni wa wenye sebule kubwa? Kibodi ya vitufe 61 ina oktavu tano, yaani C hadi C mara tano, na karibu vipande vyote vya mwaka wa kwanza vinaenea humo bila shida. Kusoma nota, kuhesabu mapigo, kutumia vidole 1 hadi 5, skeli (ngazi za noti) za C na G kwa mikono miwili: hakuna kitufe kinachopungua. Tena ina tundu la hedfoni, anafanya mazoezi saa 3 usiku bila kumwamsha mtu.

Mama Kwaya
Usinilishe maneno ya sebule. Nazungumzia mguso. Kibodi nyingi za bei ya chini hazitofautishi kidole kilichogusa na kilichogonga, kwa hiyo mtoto anazoea kubonyeza kila kitu kwa nguvu moja. Akifika kwenye piano, kitufe kinataka uzito wa karibu gramu 50 ndipo kishuke, na kinashuka kama milimita 10. Mkono unakakamaa, kiwiko kinapanda, na masomo mawili matatu yanaishia kwenye kurekebisha mkono. Hayo nayo yatafidiwa?

Fundi Nyundo
Mmeng'ang'ania vitufe na hakuna aliyetaja kimo. Uso wa vitufe vya piano uko kama sentimita 73 kutoka sakafuni. Meza ya kawaida ina kimo hichohicho, ukipandisha kibodi juu yake umeongeza sentimita 10 hivi. Mtazame mtoto: mabega yamefika masikioni, kifundo cha mkono kimepinda kwenda chini, na baada ya dakika kumi anashika shingo. Nunueni stendi ya X, ishusheni tundu kwa tundu mpaka kiwiko na vitufe viwe usawa mmoja akiwa ameketi. Miguu isipofika chini, wekeni kibao. Kwa upande wa mguso, ziko kibodi zinazoitikia nguvu ya kidole. Angalieni kwanza kwenye mipangilio kama hilo halijazimwa.

Na hiyo piano ya shule mnayoitukuza, isipotuniwa (kurekebishwa sauti za nyuzi) walau mara mbili kwa mwaka, ikakaa dirishani ikipigwa jua, A iliyo juu ya C ya kati haitakaa kwenye hezi 440, kipimo chake cha kawaida. Mtoto anazoea sauti ya uongo.

Mratibu
Jamani, kipengele cha pili?

Chaki
Mzunguko unapendeza kwenye karatasi. Kipindi ni dakika 40, somo ni 30, lakini jumlisha kwenda na kurudi, kufungua kasha la fidla, kukaza upinde, kuupaka rozini (utomvu mkavu), kutuni nyuzi nne. Dakika nane zimeondoka. Somo likianzia katikati ya kipindi, mtoto amekosa vipindi viwili. Kwa hiyo somo lianze na kengele, na vipindi vya maabara na siku za mitihani visiguswe. Halafu msizungushe saa mkaiacha siku: mtoto akibaki wa Jumanne, masomo ya Jumanne ndiyo yanayoumia mwaka mzima.

Nyuzi Nne
Hoja ya Jumanne ni ya kweli. Hizo dakika nane usiwabebeshe wapiga fidla. Mpeni mtoto dakika tano kabla ya kengele, afike ametuni: aanze na uzi wa A, kisha D, G, E. Kigingi kinachokaza uzi kikiteleza, akisukume ndani huku anakizungusha. Wanaochelewa ni wale wa piano, wanaogombania chumba kimoja.

Pedali
Basi chumba kifunguliwe! Asiye na ala nyumbani apewe dakika 20, mara nne kwa wiki, saa ya mapumziko ya mchana. Hilo lingeandikwa kwenye rasimu, Mama Kwaya asingehitaji kumfukuza mtu.

Mama Kwaya
Simfukuzi mtu, na hilo la dakika 20 naliunga mkono. Mlango uwe na kioo, ndani wawepo wasiopungua wawili, kuwe na daftari la kuandika aliyeingia na aliyetoka.

Fundi Nyundo
Chupa za maji zibaki nje. Maji yakipenya kati ya vitufe, sufi na mbao vinavimba, kitufe kinashuka na hakirudi.

Mzazi Mlipaji
Ufunguo ukae kwa mwalimu wa zamu. Ukikaa kwa mwalimu wa muziki, siku asipokuja watoto wanne wamekosa mazoezi, na rasimu haisemi popote kwamba hayo yatafidiwa.