Sestertio ya IVDAEA CAPTA ya Kaisari Vespasian: nitajuaje kama ni halisi?

Mpenda_Sarafu
Wakuu, naomba msaada. Inauzwa sestertio, sarafu ya Kirumi ya shaba ya njano, kipenyo mm 33, uzito gramu 25.2. Usoni kuna kichwa chenye shada na maandishi IMP CAES VESPASIAN AVG P M TR P P P COS III. Mgongoni kuna mtende: kushoto mwanamume amesimama, mikono imefungwa nyuma, kulia mwanamke ameketi akilia. Juu IVDAEA CAPTA, chini S C. Maandishi yanalingana na mwaka? Kuna kipimo gani cha kufanya kabla ya kulipa? Pia ina unga wa kijani sehemu moja. Naweza kuusugua kwa ndimu?

Msoma_Maandishi
Yanalingana. COS III ni ukonsuli (cheo cha juu cha Roma) wa tatu wa Vespasian, yaani mwaka 71, mwaka mmoja baada ya Yerusalemu kuanguka. Herufi V ndiyo U yao na I ndiyo J, kwa hiyo soma "Judaea capta", Yudea imetekwa. S C ni senatus consulto, kwa amri ya seneti. Inakaa kwenye sarafu za shaba, kwenye dinari (sarafu za fedha) za mfululizo huu huioni.

Angalizo: Titus, mwanawe, alitoa sarafu za ushindi huohuo naye pia aliitwa Vespasian. Ukikuta herufi T peke yake kabla ya CAES, huyo ni Titus. IMP T CAES VESP AVG yenye COS VIII ni ya mwaka 80 au 81. Wauzaji huzichanganya, na bei hutofautiana.

Mizani_ya_Sonara
Usisugue chochote kwanza. Pima msongamano, yaani uzito ukigawanywa kwa ujazo. Unahitaji mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Weka juu yake kikombe cha maji yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa), tone moja la sabuni ya vyombo ili viputo visigande, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa chini wala kando. Namba utakayoona ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo, kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Ukimaliza, ikaushe kabisa.

Mpenda_Sarafu
Nimesoma 2.94, kwa hiyo 25.2 ÷ 2.94 = 8.57. Basi ni halisi?

Mizani_ya_Sonara
Hapana mkuu, na hapa ndipo wengi hunaswa. 8.57 inakubaliana na mchanganyiko wa shaba na zinki waliotumia Warumi, lakini shaba ya njano ya leo nayo huangukia hapohapo. Kipimo hiki hukamata bandia za zinki (karibu 7) au risasi (11.3). Hakithibitishi uhalisi.

Sasa chukua lenzi ya mara 10. Sarafu halisi iligongwa kwa chapa, kwa hiyo ukingo huwa na mipasuko midogo na herufi zina kuta kali. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina vishimo vya viputo, herufi zilizoviringika, na mshono ukingoni au alama za tupa zilizoufuta. Metali hunywea ikipoa, hivyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Kisha tafuta picha yake kwenye minada: sarafu mbili zenye mikwaruzo ileile na kasoro ileile ya ukingo haziwezi kuwa halisi zote.

Geuza pia sarafu kwa mhimili wa wima. Za Roma za wakati huu mara nyingi mgongo hutokea kichwa chini. Katalogi huandika 6h. Hiyo si saa sita yetu ya adhuhuri, ni mshale unaoelekea chini.

Mtunza_Shaba
Ndimu usiiguse! Asidi huvua ngozi nzima ya sarafu (tabaka la rangi la kale), na ngozi hiyo ndiyo nusu ya thamani yake. Unga wa kijani kilichopauka unaopukutika ni kloridi inayokula shaba ikipata unyevu na hewa. Kijani kigumu kinachong'aa hakina shida. Ikiwa ni unga, uchokonoe kwa mwiba mkavu chini ya lenzi, kausha, kisha ifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na jeli ya silika inayonyonya unyevu, unyevu usizidi asilimia 40. Kwa hewa ya pwani, kuiacha mezani ni kuiua. Vifuko vya PVC (plastiki laini) pia viepuke, hutoa asidi yenye klorini polepole. Baada ya wiki mbili ikagueni tena: unga ukirudi, mwombeni muuzaji apunguze bei au mwachieni.